Kikohozi Tulichokiita cha Foleni

Mwaka 1977, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alifariki kijijini kwetu Ruanda, hapa Mbozi, na mimi nikaacha shule darasa la nne. Kalamu nilimrudishia mwalimu kwa sababu ilikuwa yake. Mwaka uleule mdogo wangu wa kike, Tumaini, alikohoa msimu mzima wa kuchuma kahawa. Alikuwa anakohoa mpaka macho yanaiva, anatapika, halafu anaamka anacheza, ukadhani amepona. Bibi mmoja wa jirani akasema ni kimeo, ile nyama ndogo inayoning'inia kooni, kimerefuka kinamkwaruza. Wakamkata. Tumaini hakufa kwa kikohozi, alikufa kwa damu. Naandika kwa kifupi kwa sababu na yenyewe haikuchukua muda.

Ninyi vijana mliobaki kituoni mmenisumbua niandike ya kazini kabla sijasahau. Sijasahau kitu, nimechoka tu, na kuchoka na kusahau ni vitu viwili. Mambo ya vyeo na mishahara msiyatafute humu. Niliingia mfagizi, nikatoka mhudumu wa afya, na hakuna aliyenibeba. Mkiona herufi zimekosewa, mnajua darasa langu.

Zahanati ya kwanza, nilipofika umri wa kuajiriwa, ilikuwa Itaka. Nilifika asubuhi nimevaa katambuga za tairi na shati la marehemu baba. Mlangoni alisimama Sista Ester, muuguzi mkunga, mwenyeji wa Tukuyu, mfupi, gauni jeupe limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Akanitazama miguu kwanza.

"Umesoma mpaka wapi?"

"La nne, sista."

"Kipimajoto unajua kusoma?"

"Nikifundishwa."

"Mwe! Angalau hukudanganya. Shika ufagio, ukimaliza njoo nikuonyeshe bosi wako."

Bosi alikuwa friji. Friji la mafuta ya taa, linapoza kwa moto. Nilicheka, nikadhani ananitania mtu wa kijijini. Hakucheka. Alipiga magoti akanionyesha utambi, namna ya kuukata usawa, namna moto unavyotakiwa kuwa wa bluu. Ukiwa wa njano unatoa masizi, masizi yanaziba bomba, friji linapata joto, chanjo inakufa. Na ukizidisha moto friji linagandisha, na sindano ya kifaduro, kile kikohozi cha Tumaini, ikiganda nayo imekufa. Watu wa Pwani huogopa joto peke yake. Kwetu Mbozi mwezi wa sita maji yanauma meno, adui wetu mkubwa alikuwa baridi. Sista alinifundisha kuchukua kichupa ninachokitilia shaka, kukitikisa, kukiweka mezani na kukitazama kama unavyotazama maziwa. Kikijitenga, chengachenga zikashuka chini haraka, hicho ni maji tu. Usimchome mtoto wa mtu maji.

Wauguzi wa leo mna friji la jua, linajiendesha lenyewe na lina kipimo kinacholia kikikasirika. Nawaonea wivu, lakini pia nawaona mnavyopita mbele yake bila kulisalimia. Mimi lile la mafuta nililijua kuliko nilivyomjua mke wangu, na mke wangu alinieleza hivyo mara nyingi.

Wakati huo sindano zilikuwa za kioo na tulizichemsha. Ni pale kwenye jiko la kuchemshia ndipo nilipopewa elimu yangu yote. Sista alikuwa anaongea huku anatoa sindano kwa koleo, hakuangalii.

"Mdudu wa kifaduro ni mpangaji, Haonga. Hana shamba, hakai kwenye mbuzi wala kwenye maji. Nyumba yake ni koo la mtu basi. Anashika vile vinyweleo vya ndani ya bomba la hewa, anang'ang'ania, anamwaga sumu yake. Ukimwona mtoto anaye, ujue kuna koo lingine limempa. Litafute hilo koo."

Jina lake la kitaalamu ni Bordetella pertussis. Nililikariri kwa kuliimba nikifagia, mpaka mama mmoja mjamzito akaniuliza ni wimbo wa kanisa gani.

Akanifundisha na kusikiliza. Aliniweka kwenye benchi nyuma ya ukuta, nifumbe macho, akinamama wakiwa upande wa pili na watoto wao. Kikohozi cha mafua kina nafasi ya kupumua katikati. Cha nimonia kina haraka na kifupi. Kifaduro kinafululiza, kinafululiza, hakimpi mtoto nafasi, na hewa ikiisha kabisa anaivuta kwa mara moja kwa mlio kama wa jogoo anayejifunza kuwika. Halafu anatapika. Ukishausikia ule mlio hauutafuti kwenye kitabu.

"Na kichanga?" nilimuuliza siku moja.

Aliacha kufanya alichokuwa anafanya. "Kichanga hawiki. Hana nguvu hiyo. Kichanga ananyamaza, anabadilika rangi. Ukisubiri awike utamzika."

Tuliwazika. Sitasema wangapi.

Baadaye nikapewa baiskeli, kibebeo cha chanjo kimefungwa nyuma na vifuko vya barafu ndani, nikawa natangulia vijijini kuita watu na Sista anafuata. Kuita watu ndiyo kazi iliyonizeesha. Kulikuwa na mzee mmoja wa kahawa, tajiri wa pale Itaka, niliwahi kumchumia. Alificha wajukuu jikoni.

"Wewe Haonga," aliniambia, "juzi ulikuwa kibarua wangu, leo umekuwa daktari?"

"Kahawa yako nilichuma vizuri au vibaya?"

"Vizuri."

"Basi lete watoto."

"Lakini hawakohoi."

"Ndiyo nimekuja sasa. Wakianza kukohoa utakuja wewe."

Aliwaleta, ananuna. Wengi walinuna. Mtu anashukuru ukimpa dawa akiwa anaumwa, lakini ukimzuia asiumwe anaona umemchoma mtoto bure na usiku huo mtoto kalia na paja limevimba. Hakuna aliyewahi kuniletea kuku kwa sababu mtoto wake hakuugua kifaduro. Msiwasubiri hao kuku.

Nilipohamishiwa Tunduma, kituo cha Chapwa, nilidhani nimepumzishwa. Kule Itaka nilijua kila mlango. Huku mtu anahamia leo, kesho yuko Lusaka. Kliniki inajaa akinamama wa wafanyabiashara, wake wa madereva, na wengine wanavuka kutoka upande wa Zambia kwa sababu kwetu ni karibu kuliko kwao. Nikajifunza kusalimia kwa Kibemba, "Mulishani, bamayo" na kupokea kadi za nchi nyingine bila kuuliza maswali ya uhamiaji. Mdudu haonyeshi pasipoti, kwa nini mimi nimdai mama?

Na kifaduro kikawa kama kimehama. Mwaka unapita, mwingine unapita, husikii ule mlio. Madaktari vijana wakawa wanakijua kwa kusoma. Siwalaumu, wamesoma wakati chanjo imeshafanya kazi yake. Mimi mwenyewe masikio yalianza kulegea.

Sista Ester alistaafu zamani kabla yangu. Alikuja kuishi hapohapo Chapwa kwa mwanawe Baraka, wakala wa forodha, na mkewe Neema. Jumapili nilikuwa naenda kumsalimia, ananipa chai, ananiuliza habari za friji kabla ya habari za watoto wangu. Bado aliniita mfagizi. Nilipenda, ila sikumwambia.

Sasa nije kwenye kesi mnayoniulizaga kila mara, ile iliyofanya watu waseme Haonga hana adabu kwa wazee.

Ilikuwa msimu wa baridi, upepo na vumbi. Mnaijua foleni ya malori pale mpakani, inavyosimama siku nzima injini zinaunguruma, vumbi na moshi vinaingia mpaka kwenye chumvi. Tunduma yote hukohoa miezi hiyo. Tunakiita kikohozi cha foleni na hakuna anayekishangaa. Sista naye alikuwa anakohoa, wiki nyingi. Alikuwa ananyanyuka katikati ya maongezi, anakwenda nyuma ya nyumba, anarudi anafuta macho.

"Foleni hiyo," anasema.

"Njoo kituoni upimwe, sista."

"Nipimwe nini? Vumbi?"

Neema alikuwa amejifungua mtoto wa kike, Upendo. Kama ilivyo kwetu, bibi mzaa baba ndiye anayemwogesha kichanga, anamkanda, anamlaza kifuani kwake ili mzazi apumzike. Na bibi mwenyewe ni mkunga aliyezalisha nusu ya wilaya. Nani angemgusa mtoto kabla yake?

Upendo alikuwa hajafika umri wa sindano ya kwanza. Siku hiyo asubuhi waliingia kituoni mbio, Sista amembeba, Neema nyuma yake na ndala moja mguuni. Mtoto hakuwa anakohoa. Alikuwa kimya, midomo ya bluu kama wino. Daktari wetu, kijana anayeitwa Amani, alimchukua, akamwekea hewa, akamsugua, rangi ikarudi. Baada ya muda akakohoa vikohozi vidogo, kama paka, akanyamaza tena, rangi ikaondoka tena. Akarudishwa tena. Niliposimama pale na mtungi wa oksijeni nilijua, na Daktari Amani alijua, maana alinitazama.

Akanivuta kwenye korido.

"Mzee Haonga, hii si nimonia."

"Si nimonia."

"Namwandikia rufaa, gari linakuja. Kule anaweza akalazwa wiki kadhaa. Sasa tatizo ni bibi. Umemsikia anavyokohoa? Amesema anapanda gari, analala na mtoto kule. Akiendelea kumpumulia usoni kabla hajatumia dawa..."

"Mwambie asipande."

Kijana akashika kichwa. "Mzee wangu, siwezi. Yule mama ndiye aliyenipokea mimi duniani. Kila nikimfungulia mdomo ananiuliza kitovu changu kilipona vizuri."

"Kwa hiyo?"

"Wewe umemzoea."

Ndivyo kazi ngumu zinavyogawanywa. Anayejua anamwachia aliyezoea.

Nilimkuta amekaa benchi la mapokezi na mtoto tena kifuani, kamrudisha kwa mamlaka yake mwenyewe, bomba la oksijeni linaning'inia. Neema amesimama pembeni, mikono imekunjwa, anamwangalia mwanawe kwenye mikono ya mtu mwingine.

"Sista," nikasema, "mpe Neema mtoto."

"Neema amechoka."

"Mpe tu."

"Haonga, una nini?"

"Daktari anasema ni kifaduro. Na mimi nasema ni kifaduro. Mtoto hatoki nje, hajaonana na watoto wengine. Kuna koo lililompa."

Alinielewa palepale. Alikuwa na akili kuliko sisi sote. Uso wake ukajifunga kama mlango.

"Unataka kusema nini?"

"Wewe ndiye unayekohoa nyumba nzima."

"Mimi nakohoa vumbi! Kifaduro niliugua Tukuyu nikiwa mtoto, mama yangu alinieleza. Mtu haugui kifaduro mara mbili. Nilikufundisha mimi hilo."

"Ulinifundisha. Daktari anasema wanajua sasa kinga inachakaa, mtu mzima anaweza kukipata tena, kikawa kidogo kwake, kwa mtoto kikawa kifo."

"Huyo mtoto Amani? Huyo niliyemfunga kitovu kwa uzi?" Akamgeukia Neema. "Unamsikia? Mfagizi ananifundisha mimi. Miaka yote nimelea wa watu, leo nimuue wa kwangu?"

Watu wote wa mapokezi walikuwa wameshageuka kutusikiliza. Dereva mmoja aliyekuja kufungwa kidonda akasema, "Mzee, huyo ni mama yako, ongea taratibu." Nikamwambia ashike kidonda chake.

Neema akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nipe."

"Hujui kumshika akikatika pumzi."

"Nitajua. Nipe, mama."

Sista hakutoa. Mtu asiyemjua angesema ni kiburi. Mimi niliona anaogopa. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshafika nje, dereva anapiga honi. Nikawaza, nitamnyang'anya. Kweli, nilishajiandaa kumnyang'anya mwanamke aliyenipa kazi, mbele ya watu, na nilikuwa natafuta mkono wa kuanzia.

Halafu kikohozi kikamshika. Safari hii hakuwa na nyuma ya nyumba ya kwenda. Alikaza mdomo, akajizuia, uso ukaiva, akashindwa. Akaninyooshea mtoto mimi niliyekuwa karibu, haraka, kama mtu anayetoa kitu cha moto, akainama. Kikafululiza. Kikafululiza, hakimpi nafasi, mpaka hewa ikaisha. Mwisho akaivuta.

Jogoo anayejifunza kuwika.

Kisha akatapika chai yake kwenye sakafu niliyokuwa nimeipiga deki asubuhi.

Alisikia. Nilimwona anasikia. Alibaki ameinama, mkono kwenye benchi, kichwa kimegeuzwa upande kidogo, vilevile alivyokuwa anageuza kichwa kule Itaka nyuma ya ukuta ili asikilize mtoto wa mtu. Nikampa Neema mtoto, Neema akatoka mbio na Daktari Amani nyuma yake ameshika mtungi.

Sista akavuta ncha ya kitenge, akajiziba mdomo. "Mwambie awe anamlaza ubavu," alisema ndani ya kile kitenge. "Akimaliza kunyonya."

"Nitampigia simu."

"Nenda ukachukue deki."

Nikaenda.

Tulimchukua vipimo, kile kijiti chembamba kinachoingia puani mpaka nyuma kabisa. Ni kazi ninayoichukia kwa sababu mtu analia machozi hata kama hataki, na yeye hakutaka. Majibu yalichelewa kama majibu yanavyochelewa, mdudu huyu ni mwepesi kufa akitolewa kwenye koo. Hatukuyasubiri. Dawa walimeza nyumba nzima, Baraka, Neema, msichana wa kazi, na mimi pia niliyepumuliwa usoni. Tukapita kwa majirani kutafuta watoto ambao kadi zao zina nafasi tupu. Walipatikana, wapo siku zote. Vijana, hiyo ndiyo sehemu ya kesi ya kujifunza. Kelele za mapokezi ni za kusimuliana tu.

Upendo alikaa hospitali kubwa muda mrefu. Alikatika pumzi mara nyingi, Neema alijua kumshika. Kila simu ya Baraka ikiita nilikuwa naacha inaita kidogo kabla sijapokea. Sista alihamia chumba cha uani. Alimaliza dawa na bado hakutoka. Kikohozi chenyewe kinabaki hata mdudu akishakufa, kinakaa miezi, na yeye alijua hilo, lakini hakujiamini tena. Mtoto aliporudi nyumbani, mzima, mashavu yameanza kurudi, bibi alimtazamia dirishani. Neema alimwita. Hakuja.

Nilikwenda Jumapili moja. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa.

"Shikamoo, sista."

"Umenidhalilisha mbele ya dereva wa lori."

"Nilikudhalilisha."

"Ungeniita pembeni."

"Ungekuja?"

Akachambua maharage. "Nisingekuja," akasema. Halafu akauliza: "Mtoto amepata sindano?"

"Ya kwanza amepata. Nilikitikisa kichupa mwenyewe."

"Vya siku hizi havihitaji kutikiswa na wewe, vina alama."

"Nilitikisa hivyohivyo."

Hapo ndipo alipolia, kidogo, kwa hasira, kama anamlaumu mtu aliyeweka mawe kwenye maharage. Sikumbembeleza. Sikujua namna. Nilimwita Neema aje na mtoto, na alipofika nikatoka nje, nikajifanya natazama malori. Niliporudi Upendo alikuwa mapajani kwa bibi yake, amemgeuzia mgongo, na bibi amejifunga kitenge mdomoni kama mwizi.

"Sijakusamehe," aliniambia juu ya kichwa cha mtoto.

"Sawa, sista."

"Njoo Jumapili ijayo. Usije mikono mitupu."

Nimestaafu mwaka huu. Kilichonichosha si baiskeli wala friji. Ni kuwa kila mara kuna koo ambalo lazima uliseme, na mara nyingi ni la mtu unayempenda. Mtakutana nalo. Semeni, msimsubirie aliyezoea.

Nilicho nacho leo ni hiki. Nyumba ya tofali za kuchoma Chapwa, vyumba vitatu, cha nne bado hakina bati. Shamba la kahawa Itaka, dogo, miti imezeeka. Mbuzi, mmoja ana mimba. Baiskeli ileile, imebadilishwa karibu kila kitu. Mke, bado yupo. Magoti mawili, moja linafanya kazi. Na sahani yangu mezani kwa Sista Ester kila Jumapili, ambaye mpaka leo hajanisamehe, na huniwekea nyama nyingi kuliko wote.